Mguu wa Kushoto wa Mama Wande

Kwenye orodha ya Sekela Mwaipopo kulikuwa na namba arobaini na moja, na kati ya hizo alikuwa amefungua moja tu akaona jina la mwenyewe. Hakuwa amekusudia. Mkono wa kushoto ulishika kikombe cha uji wa ulezi, wa kulia ukabonyeza kwa mazoea, na jina likatokea: Wande Masunga, fundi miwani, umri miaka hamsini na minane. Papo hapo pini iliyokuwa chini ya ngozi ya kifundo chake cha mkono ikatetemeka mara mbili. Sheria ilikuwa imeanza kuhesabu.

Ilikuwa Jumapili, saa mbili usiku. Hesabu ingekwisha Jumatano, saa kama hiyo.

Kila mtu mzima nchini alikuwa na pini, na kila mtu aliijua Sheria ya Saa Sabini na Mbili. Ilitungwa baada ya dereva mmoja wa treni ya mjini kuzimia akiwa kazini, wakati programu aliyoivaa mkononi ilikuwa imejua tangu siku nne nyuma kwamba moyo wake una kasoro, nayo ikanyamaza. Watu kumi na wanane walizikwa. Tangu hapo, yeyote aliyeandika programu au kuivaa, akishaona dalili ya ugonjwa na akaijua ni ya nani, alipewa siku tatu. Zikiisha, pini yenyewe ilipeleka jina kwenye Hazina ya Afya. Aliyepelekwa jina alifungiwa kibali cha kuendesha chochote chenye magurudumu hadi apimwe, na foleni ya kupimwa ilikuwa imefika miezi saba.

Sekela aliishi Sumbawanga. Riziki yake ilitokana na kuandika programu za kufungua na kufunga maji katika mashamba ya ushirika wa ngano. Jioni na siku za mapumziko aliandika za kwake, na katika hizo aliyoipenda kuliko zote ilikuwa Mwenza. Aliianza na kaka yake Ambakisye walipokuwa wanajiandaa kulizunguka Ziwa Tanganyika kwa baiskeli, nchi nne, siku thelathini na nane. Mwenza ilikaa kwenye pete nyembamba iliyofungwa pale pedeli inapoungana na fremu. Ilipima kila msukumo wa mguu, ikamwambia mwendeshaji lini anywe maji, lini ale, na lini ateremke apumzike kabla mwili haujamgomea. Walipomaliza safari ile Sekela aliigawa bure kwa yeyote aliyeitaka. Sasa ilikuwa na waendesha baiskeli elfu kumi na tisa, kuanzia Kasulu hadi Mbamba Bay, kwa kuwa barabara kuu za zamani zilikuwa zimeachiwa baiskeli tangu mizigo na magari yahamie kwenye reli.

Ambakisye alianguka barabarani karibu na Tunduma miaka miwili iliyopita. Kiharusi. Alikuwa na miaka arobaini na mitatu. Kwa miaka miwili Sekela hakuthubutu kuzifungua safari za kaka yake zilizohifadhiwa na Mwenza. Jumapili ile, baada ya kutoka kanisani, alizifungua. Akakuta kwamba wiki nane kabla ya kufa, kila alipofika saa ya tatu ya safari, mguu wa kushoto wa Ambakisye ulianza kuchelewa nyuma ya wa kulia. Ulichelewa kidogo sana, kitu ambacho jicho lisingeweza kuona, halafu baada ya dakika chache ukarudi sawa. Mwenza ilikuwa imeyaandika yote hayo. Hakuna aliyekuwa ameiuliza.

Ndipo akaiuliza. Aliiagiza itafute kuchelewa kwa namna hiyohiyo katika safari za watu wote elfu kumi na tisa, nayo ikamletea namba arobaini na moja. Ya kwanza, yenye dalili nzito kuliko nyingine, alikuwa amekwisha kuifungua.

Mama Wande alimjua vizuri. Ndiye mtu wa kwanza kuitumia Mwenza nje ya nyumba yao. Alisafiri kati ya Tabora na Sumbawanga mara nne kwa mwaka na masanduku mawili ya miwani kwenye keria, akipima macho ya watu vijijini, na kila akiona kasoro katika Mwenza aliandika barua ndefu ya kulalamika yenye anwani, tarehe na salamu. Kasoro nyingi Sekela alizirekebisha kwa sababu ya barua hizo.

*

Jumatatu na Jumanne zilipita akiwa hana alilofanya. Njia rahisi zilikuwa mbili. Ya kwanza, kukaa kimya na kuiacha pini ifanye kazi yake. Mama Wande angepimwa baada ya miezi saba, kama angekuwa bado yupo, na wakati huo wote asingegusa baiskeli wala asingekuwa na namna ya kula. Ya pili, kulifuta jina pamoja na dalili yake, kisha kuapa kwamba hakuona chochote. Wenzake wengi walifanya hivyo na hawakulala vibaya.

Jumanne jioni aliisoma sheria yote mwanzo hadi mwisho, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Katika kifungu cha tisa akakuta mistari miwili: mgonjwa akijipeleka hospitali mwenyewe kabla ya saa kwisha, hesabu inafungwa, anapokewa kama mgonjwa yeyote na kupimwa siku hiyohiyo.

Kumpigia simu hakukuwezekana. Pini haikuwasikia watu wanaozungumza ana kwa ana, lakini ilisikia kila kilichopita hewani, na neno moja la ugonjwa kwenye simu lilihesabika kama taarifa. Ilimpasa kwenda kumwambia kwa mdomo, tena kwa baiskeli, kwa kuwa treni ya kwenda upande huo ilikuwa ya Alhamisi.

Jumatano saa kumi na moja alfajiri alikipigia simu kituo cha mapumziko cha Kizi, chini ya mteremko wa Lyamba lya Mfipa, ambako Mwenza ilionyesha kwamba Mama Wande alikuwa amelala. Aliyepokea ni Kauzeni, mtunza kituo.

"Yupo," Kauzeni alisema. "Ameshaamka, anakunywa chai. Asubuhi hii ana watu wanne wa kuwapima, halafu anapandisha mlima."

"Mwambie asipande hadi nifike. Naondoka sasa hivi."

"Nimwambie kuna nini?"

"Mwambie nina mzigo wake."

"Nitamwambia, dada. Ila unamjua mama yule. Akishafunga masanduku yake, kumzuia ni kazi."

Kutoka Sumbawanga hadi Kizi ni kilomita mia moja na arobaini na kitu. Sekela alikuwa amewahi kuzimaliza kwa saa tisa akiwa na Ambakisye mbele yake anamkatia upepo. Safari hii alikuwa peke yake, na Mama Wande angeanza kupanda mchana. Alitoka bila jaketi la mvua wala hema, chupa mbili za maji tu na viazi vitamu vya kuchemsha vilivyofungwa kwenye kitambaa.

Juu ya uwanda wa Ufipa baridi ya Juni ilimkata vidole. Upepo ulikuwa wa ubavuni, ukimsukuma kuelekea ukingo wa barabara, na mashamba ya ngano yaliyokwisha kuvunwa yalienda pande zote mbili hadi macho yakachoka. Alipita Chala watu wakifungua maduka. Mwenza ilimwambia ale, akala akiwa anaendesha. Ikamwambia apunguze mwendo, akaizima sauti.

Kilichomsumbua njia nzima hakikuwa upepo. Alikuwa anajiuliza atamwambia nini mama wa watu. Kwamba alipekua safari zake bila ruhusa? Elfu kumi na tisa walimpa safari zao ili wajue lini wanywe maji, na yeye akazitumia kuwatafutia vifo. Kila alipofika hapo akili ilimjibu kwamba laiti mtu angezipekua za Ambakisye, Ambakisye angekuwa hai. Majibu yote mawili yalikuwa kweli, na hakuna lililolishinda lingine. Alikanyaga.

*

Alifika kichwani mwa mteremko saa saba kasorobo mchana. Kutoka pale barabara inashuka kwa kona nyingi hadi bonde la Katavi, na joto linapanda kukulaki kona baada ya kona. Alishuka huku vidole viko kwenye breki. Katika kona ya tisa aliiona baiskeli yenye masanduku mawili imelazwa pembeni, na mwanamke amekaa juu ya jiwe, kiatu cha kushoto amekivua, anausugua mguu kwa viganja viwili.

Sekela aliteremka haraka hata baiskeli yake ikaanguka. Mama Wande aliinua uso. Alikuwa hai, amekasirika kidogo, anatokwa jasho kama mtu yeyote aliyepanda mlima mchana. Sekela alipomwona hivyo alikaa chini kwenye lami.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ndiwe mwenye mzigo wangu?" Mama Wande aliitazama keria tupu. "Nimekungoja hadi saa sita. Nina watu wananingoja huko juu."

"Mguu una nini?"

"Umekufa ganzi. Umeshaanza kurudi." Alivikunja vidole vya mguu kimoja kimoja. "Siku hizi unanifanyia hivi nikipanda. Uzee."

"Si uzee, mama. Na si mara ya kwanza. Tangu Aprili mguu huo umechelewa mara ishirini na sita."

Mama Wande aliacha kusugua. "Umejuaje?"

Sekela alimwambia. Alianza na Ambakisye, akaeleza alivyozifungua safari zake na alichokikuta, halafu alivyoiagiza Mwenza itafute kwa watu wote. Alipofika kwenye jina lililotokea kwenye kioo, Mama Wande aliinua mkono kumsimamisha.

"Kwa hiyo ulinipima."

"Nilipima watu wote."

"Sikuulizi watu wote. Nakuuliza mimi. Nilikupa safari zangu ili kile kidude kiniambie lini ninywe maji. Mishipa yangu sikukupa."

"Ndiyo, mama."

"Nani alikutuma?"

"Hakuna aliyenituma."

Mama Wande alivaa soksi, akavaa kiatu, akafunga kamba polepole. Sekela alidhani anataka kuondoka. Aliwaza kwamba akiondoka hataweza kumzuia, na kwamba hana haki ya kumzuia, na bado kwamba atamfuata nyuma hadi juu hata kama ni kwa kutukanwa. Lakini Mama Wande alibaki pale kwenye jiwe.

"Mtu akikaa kwenye kiti changu," alisema, "namulika jicho kwa taa ndogo. Anataka miwani ya kusomea, basi. Lakini mimi nikimulika naona mpaka nyuma, naona mishipa ya damu ilivyotandaa. Naona kisukari. Naona presha. Kwa hiyo kabla sijawasha taa, namuuliza: nikiona kitu kisichohusu miwani, nikwambie au ninyamaze? Wengi wanasema niwaambie. Kuna mzee mmoja wa Inyonga alisema ninyamaze. Nikamulika, nikaona, nikamtengenezea miwani yake, nikanyamaza. Mwaka uliofuata nilipita nikakuta ameshazikwa."

"Hukujuta?"

"Niliumia, na mpaka leo nikipita pale naumia. Lakini sikumwibia kitu." Alimtazama Sekela usoni. "Wewe hukuniuliza."

"Sikukuuliza, mama. Nisamehe."

"Sasa niulize."

Sekela alikuwa ameendesha kilomita mia moja na arobaini akijiandaa kusema, na hakuwa amejiandaa kuuliza, kwa sababu anayeuliza anaweza kujibiwa hapana. Alipiga magoti mbele ya jiwe.

"Mama Wande, nimeona kitu katika safari zako ambacho hakihusu maji wala chakula. Nikwambie maana yake, au ninyamaze?"

Upepo ulipita kwenye spoku za baiskeli iliyoanguka. Mama Wande aliitazama miguu yake yote miwili, akatazama bonde chini.

"Niambie," alisema. "Taratibu, usinirukishe kitu."

Sekela alimwambia kwamba yeye si daktari, na kwamba alichonacho ni dalili tu. Lakini mguu wa kushoto unaochelewa halafu ukarudi, kwa kaka yake ulikuwa na maana kwamba damu haifiki vizuri upande mmoja wa ubongo, na siku moja haikufika kabisa. Alimweleza saa zilizobaki, na mistari miwili ya kifungu cha tisa. Akamaliza kwa kumwambia kwamba akitaka kuendelea na safari, jina litakwenda Hazina saa mbili usiku, na yeye Sekela hawezi tena kulizuia kwa njia ya halali.

"Na kwa njia isiyo ya halali?"

"Naweza kulifuta. Ukiniambia nilifute, nitalifuta."

Mama Wande alifikiri. "Hapana. Nimeshajua sasa, utanifutaje mimi kichwani?" Aliinuka, akaujaribu mguu, ukakubali. "Treni ya mizigo ya kutoka Kipili kwenda Mpanda inapita Kizi saa tisa. Tukishuka kwa miguu tunaiwahi."

Walishuka wakizikokota baiskeli, Sekela akiwa upande wa kushoto wa Mama Wande ili mguu ukigoma amdake. Haukugoma. Kauzeni aliwaona wakiingia kituoni, akaanza kusema kwamba alikuwa ameonya, lakini alipoitazama sura ya Sekela aliacha, akaenda kuwaletea maji. Aliyachukua masanduku ya miwani akayafungia ndani ya ofisi yake, akamkabidhi Mama Wande ufunguo.

*

Ndani ya behewa walikaa juu ya magunia ya chumvi. Mama Wande alizungumza njia nzima, habari za macho ya watu, na Sekela alisikiliza akichunguza kama kila neno linatamkwa sawasawa. Saa kumi na moja kasoro dakika kumi walikuwa mapokezi ya hospitali ya Mpanda.

"Nani mgonjwa?" muuguzi aliuliza.

"Mimi," Mama Wande alisema. "Mguu wangu wa kushoto ulikufa ganzi mlimani leo, na si mara ya kwanza. Nimekuja mwenyewe."

Muuguzi alikipitisha kifundo cha mkono wa Mama Wande juu ya kioo cha mezani. Pini ya Sekela ikatetemeka mara moja, ndefu, kisha ikatulia. Hesabu ilikuwa imefungwa. Sekela alitafuta benchi, akakaa, akainamisha uso kwenye magoti. Hakulia kwa sauti. Machozi yalitoka tu, yakalowesha suruali yake ya safari iliyojaa vumbi, na alipojaribu kuyazuia yakazidi, basi akayaacha. Alikuwa hajalia hivyo tangu Tunduma, na ya Tunduma yalikuwa ya namna nyingine.

Daktari aliyewapokea, Daktari Mbonea, alikuwa mtu wa maneno machache. Alimlaza Mama Wande kwenye mashine kwa robo saa, akarudi na picha kwenye kioo cha mkononi.

"Mshipa mkubwa wa shingo, upande wa kulia, umebana karibu robo tatu yake, mama. Upande wa kulia wa ubongo ndio unaouendesha mguu wako wa kushoto. Kesho asubuhi tutapitisha mrija mwembamba kutokea kwenye paja hadi hapo, tuupanue, tuweke kijiwavu kidogo kiushikilie. Hutapewa hata dawa ya usingizi."

"Na baiskeli?"

"Wiki sita bila baiskeli. Halafu nitakusainia mwenyewe."

"Wiki sita," Mama Wande alirudia, kama aliyetajiwa bei ya juu kidogo. "Na ningeendelea kupanda leo?"

Daktari Mbonea aliizima picha. "Umekuja, mama. Tuzungumze hilo."

Asubuhi ya Alhamisi kazi ilichukua dakika hamsini. Sekela alipoitwa ndani alimkuta Mama Wande ameegemea mto, anamwambia muuguzi kwamba miwani yake imepinda upande na aivue amnyooshee.

*

Namba arobaini zilikuwa bado zipo. Sekela hakuwa amefungua nyingine, kwa hiyo sheria ilihesabu kwamba hajui. Lakini alijua kwamba zipo, na kwamba nyuma ya kila moja kuna mtu anayekanyaga pedeli mahali fulani.

Siku tatu Mama Wande alizokaa hospitalini walizitumia kuandika. Wazo la kwanza la Sekela lilikuwa kuwauliza wale arobaini tu. Mama Wande alikataa.

"Ukiwauliza hao peke yao, kuulizwa kwenyewe ni jibu. Mtu atajua ana kitu hata kabla hajasema ndiyo. Waulize wote."

"Wote elfu kumi na tisa?"

"Mimi siulizi wenye macho mabaya tu. Namuuliza kila anayekaa kwenye kiti."

Basi Sekela akaivunja Mwenza na kuiunda upya. Upekuzi hautafanyika tena kwenye kompyuta yake. Kila pete itapekua safari za mwenyewe tu, tena kama mwenyewe amekubali, na jibu litabaki kwa mwenyewe, pamoja na saa zake sabini na mbili na mistari miwili ya kifungu cha tisa. Swali alilitunga mara sita. La kwanza lilijaza ukurasa mzima. Mama Wande alilisoma, akaomba kalamu, akakata hadi likabaki hivi: *Safari zako zinaweza kuonyesha dalili ya kiharusi. Unataka Mwenza iangalie? Ukisema hapana, hakuna atakayeangalia, hata aliyeitengeneza.*

Maneno ya mwisho ndiyo yaliyokuwa magumu, kwa sababu ili yawe kweli ilimpasa kuifuta orodha. Aliketi na kompyuta mapajani kwenye bustani ya hospitali, kidole juu ya kitufe, kwa muda mrefu. Kati ya wale arobaini angekuwepo anayefanana na mzee wa Inyonga. Angesema hapana, na Sekela angekuwa ndiye mtu pekee duniani aliyewahi kuwa na uwezo wa kumwambia. Aliwaza kuiacha nakala moja tu, mahali pa siri, asiifungue. Alijua ataifungua. Akabonyeza, namba zikaondoka, na alichokisikia baada ya hapo kilimshangaza: kifua kilikuwa chepesi.

Swali lilitoka Jumamosi. Hadi Jumanne watu elfu kumi na sita walikuwa wamesema ndiyo, elfu moja na mia tisa wamesema hapana, waliobaki kimya. Nani alikutwa na nini hakujua, wala hakuwa na namna ya kujua. Kisha ujumbe ukaanza kuingia. Mwanamke wa Kasulu aliandika kwamba amepanuliwa mshipa na sasa anaruhusiwa kupika. Fundi baiskeli wa Mbinga aliandika neno moja, asante. Mwingine aliandika kumtukana kwa kumtia hofu ya bure, halafu wiki iliyofuata akaomba radhi, na hakueleza kwa nini. Mwezi ulipoisha walioandika kwamba wametibiwa walikuwa ishirini na wanne. Wale kumi na sita waliobaki kati ya arobaini Sekela aliwaza habari zao mara nyingi, hasa akiwa anaoga, lakini hakuwatafuta.

Wiki sita zilipotimia alipanda treni hadi Kizi na baiskeli yake. Mama Wande alikuwa ameshafungua masanduku, anahesabu miwani, na karatasi ya Daktari Mbonea ilikuwa imebandikwa kwenye kifuniko kama leseni. Walipanda mlima pamoja asubuhi, polepole, wakipumzika kila baada ya kona tatu. Mwenza ya Mama Wande ilikuwa imewashwa sauti kubwa, na kila iliposema miguu iko sawa aliijibu, "Nimesikia."

Walipofika juu, Sekela alitoa kioo chake cha mkononi mfukoni. Kulikuwa na jambo hakumwambia mtu. Yeye naye alikuwa mmoja wa elfu kumi na tisa. Swali lilimfikia siku ileile lilipowafikia wengine, na kwa wiki sita alikuwa hajalijibu. Yeye aliyeliandika. Alizaliwa na mama mmoja na Ambakisye, na kila alipolitazama alimwelewa mzee wa Inyonga vizuri kuliko alivyotaka.

"Mama, hili sijalijibu," alisema, akamwonyesha.

Mama Wande alilisoma, ingawa alilijua kwa moyo. Hakusema ajibu wala asijibu. Aliegemeza baiskeli yake kwenye jiwe la barabara, akasimama karibu naye.

Sekela alibonyeza ndiyo. Pete ilikuwa na safari za miaka minane za kupitia, na ilichukua muda mrefu kuliko alivyokuwa amekadiria alipoiandika. Alihesabu hadi sitini, akapoteza hesabu, akaanza tena. Kisha maandishi yakaja: *Hakuna dalili iliyoonekana katika safari zako.*

Aliyasoma mara tatu. Alivuta pumzi hadi mwisho, akaitoa, akavuta nyingine.

"Imesemaje?" Mama Wande aliuliza.

"Imesema sina kitu."

"Haya." Mama Wande alimshika begani, akamwachia, akapanda juu ya siti. "Basi kanyaga, mwanangu. Chala kuna watu hawaoni kusoma."

Upepo wa Ufipa siku hiyo ulikuwa unatoka nyuma yao. Sekela alimwacha Mama Wande atangulie, akamfuata, akiitazama miguu yake miwili ikipanda na kushuka, mmoja baada ya mwingine, kwa wakati wake.